Magadi ya Rwamgasa

Ukifumbata sarafu kiganjani kutwa nzima ya jua kali, jioni ukifungua mkono utakuta harufu fulani kali, ya kichuma, inayopanda puani na kushuka mpaka kwenye mizizi ya meno. Ndiyo iliyokuwa harufu ya viganja vyangu siku moja ya kiangazi, nikiwa na umri wa miaka kumi, nilipotoka kwenye lundo la udongo wa dhahabu na beseni kichwani. Nilinawa kwa maji, nikasugua kwa majivu, nikasugua tena kwa mchanga, na harufu haikutoka. Leo mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari mjini Shinyanga, nafungua chupa za maabara mbele ya wanafunzi bila kusita. Lakini harufu ile ikinijia ghafla, hata kutoka kwenye kitasa cha mlango, tumbo hunikaza nikatafuta mahali pa kukaa. Wenzangu ofisini wanadhani nina vidonda vya tumbo, na wamenishauri sana kuhusu maziwa na viazi vibichi. Sijawahi kuwaambia kwamba ni woga tu, na kwamba nimeishi nao zaidi ya miaka ishirini.

Sisi ni watu wa Kishapu, nchi ya pamba na ng'ombe, na kwetu ardhi huchanua mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza ni pamba yenyewe. Ua lake hufunguka asubuhi likiwa jeupe kama maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, kesho yake limekuwa la waridi, keshokutwa liko chini. Mara ya pili ni kiangazi, mashamba yakiwa yamevunwa na upepo ukipita bila kizuizi. Hapo yale maeneo ya udongo mgumu tunaouita ibambasi, ambako hata nyasi huota kwa kusuasua, hutoa unga mweupe juu ya uso wake. Ukienda alfajiri, kabla upepo haujaanza kazi, unaukuta umesimama katika vinyweleo vidogo vidogo, na ukiukanyaga peku unasikia ukivunjika chini ya kisigino. Ng'ombe huulamba mpaka hawafukuziki. Akina mama huukwangua kwa kigae cha kibuyu, huutia kwenye chungu kilichotobolewa chini, humwagia maji, kisha huyachemsha maji yanayochuruzika mpaka yakauke, na kinachobaki ndiyo magadi. Magadi ndiyo yanayoufanya mlenda uvutike na maharage yaive kabla watoto hawajalala na njaa. Mtoto akilalamika tumbo, mzazi hukoroga kipande kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, mtoto hunywa, hucheua, na habari inaishia hapo. Mama yangu alijulikana vijiji vitatu kwa magadi yake. Hakuwa na kipimo chochote isipokuwa ulimi. Alionja udongo kabla ya kuukwangua, akaonja maji yalipochuruzika, akaonja tena mwisho, na alichokikubali yeye hakuna aliyekihoji.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha ualimu, nilikutana katika kitabu na neno moja la kigeni lililozaliwa kutokana na ua. Wanaosoma mimea hulitumia kwa kuchanua kwenyewe, kama pamba yetu. Wanakemia hulitumia kwa fuwele inayoachwa hewani, ikapoteza maji yake kidogo kidogo na kugeuka unga. Mafundi ujenzi hulitumia kwa ile chumvi inayopanda ukutani na kubandua rangi uliyoilipia juzi. Madaktari wa ngozi wana maana yao, ya upele unaojitokeza mwilini na kumtangazia mtu kwamba ndani kuna jambo. Waandishi wa historia nao wanalo, husema mji fulani au ufalme fulani ulichanua, wakiwa na maana kwamba ulistawi, na mara nyingi kurasa mbili mbele unaanguka. Mwenzangu mmoja alilipenda sana neno lile, akaliandika kwenye jalada la daftari lake. Mimi nilifunga kitabu nikatoka nje ya maktaba, nikasimama juani. Maana zile karibu zote nilikuwa nimeziona kwa macho yangu katika msimu mmoja, nyingine nyumbani kwetu, nyingine kwenye mwili wa mdogo wangu.

Msimu wenyewe ulianza kwa pamba kukosa mvua. Vitumba vilidondoka kabla ya kufunguka, na baba akasema hawezi kukaa anatazama mabua. Akaenda upande wa Geita, kwenye machimbo ya Rwamgasa, akaingia katika kundi la wachimbaji wadogo. Baada ya miezi michache akatuma mtu atuchukue: mama, mimi Milembe niliyekuwa kifungua mimba, na Wande aliyekuwa na miaka mitatu. Tulikuta mji uliochanua kweli. Mahali ambapo mwaka uliopita palikuwa na mihogo palikuwa na mabati mapya, vibanda vya turubai, redio tano zikipiga nyimbo tano, na karasha za kusaga mawe zikinguruma mpaka maji yakacheza kwenye ndoo. Watu walitoka kila pembe ya nchi. Jirani yetu Mama Zuhura alikuwa mwenyeji wa Singida, akiwapikia wachimbaji wali na maharage, mwanamke mnene mwenye moyo mweupe, aliyemwita mama "wifi" tangu siku ya kwanza bila kueleza undugu huo umetokea wapi. Yeye ndiye aliyetufundisha kuogopa mahali pale. Alitueleza kuhusu maduara, yaani yale mashimo marefu ya dhahabu, kwamba mengine yameachwa na nyasi zimeyafunika, na ndama mmoja alishatumbukia, akasikika akilia siku mbili. Alitueleza pia kuhusu marudio. Hayo ni udongo uliokwisha kusagwa na kuoshwa dhahabu, ukamwagwa katika lundo kubwa nyuma ya vibanda, ukisubiri mwenye nazo aje auoshe tena kwa dawa kali. Alisema mbuzi wake alikunywa maji ya kidimbwi kilicho chini ya lundo lile na hakufika jioni. Nilimsikia vizuri. Nasema hivi ili msomaji asije akanitafutia udhuru wa utoto. Nilimsikia, na kwa macho yangu nilishaona njiwa wawili wamekauka kando ya kidimbwi kile.

Mama aliishi mahali pale kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake. Hakuwa na shamba, hakuwa na ng'ombe, Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza na wachimbaji walimcheka. Kitu kimoja alichokuwa na hakika nacho ni jiko lake, na magadi aliyokuja nayo kutoka Kishapu yalipokwisha alihangaika kana kwamba amefiwa. Ya dukani aliyaonja akayatema. Kisha siku moja alipokuwa akitoka kuchota maji aliona, mbali upande wa mtoni, kipande cha ibambasi kimepauka kwa unga, akarudi anacheka peke yake. Kesho yake asubuhi alinipa beseni na kigae, akaniambia nifuate njia ya mtoni, nikwangue juujuu tu nisichukue udongo mwekundu, nirudi kabla jua halijawa kali. Wande alitaka kunifuata, akazuiwa na mama, akalia.

Njia ya mtoni ilipita katikati ya maduara yaliyoachwa. Nilifika mahali nyasi zilipoanza kuwa ndefu nikasimama. Nilimkumbuka yule ndama. Nikatupa jiwe mbele yangu, likaanguka kwenye nyasi nikalisikia limegonga ardhi; nikatupa la pili, kushoto kidogo, na hilo sikulisikia limefika popote. Nikasema moyoni nitamwambia mama nimeogopa, nikageuka, nikaona lundo la marudio likiwa limemezwa na jua la asubuhi. Lilikuwa limechanua. Upande wake mzima uliotazama mashariki ulikuwa mweupe, mweupe kuliko ibambasi yoyote niliyowahi kuiona Kishapu, na unga wenyewe ulikuwa umesimama katika vinyweleo vilevile ninavyovijua. Karibu na ardhi palikuwa na sehemu za manjano na nyingine za kijani hafifu, lakini juu palikuwa safi. Uzio wa miba ulikuwa na mwanya wa mbuzi, mlinzi alikuwa ameenda kunywa chai. Nilijiambia kwamba unga ni unga. Waswahili wana msemo wa mtu aliyeruka majivu akakanyaga moto, na sidhani kama kuna aliyewahi kuutimiza vizuri kuliko mimi asubuhi ile. Kwa muda mfupi sana beseni lilijaa.

Niliporudi mama alifurahi kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu tuhame. Aliniuliza kama nimeyatoa kule mtoni alikonielekeza, nikajibu ndiyo. Neno dogo kuliko hilo hakuna, na mpaka leo nikilitamka nikiwa nimechoka hulisikia kwa sauti ile ya kitoto. Aliuonja ule unga akakunja uso, akaonja tena. Kwetu magadi huteleza ulimini kama sabuni. Haya yaliuma na kukausha mate. Ningeweza kusema wakati ule. Badala yake nilikwenda kusugua mikono nyuma ya nyumba. Mama akachuja kama alivyozoea, akachemsha maji mpaka yakakauka, na leo kama mwalimu wa kemia najua alichokuwa akikifanya, kwamba kadiri alivyoyasafisha ndivyo alivyoikoleza aseniki, sumu itokayo kwenye mawe ya dhahabu. Kilichobaki kilikuwa na rangi ya kijani kidogo, akailaumu sufuria. Mama Zuhura alikuwa amekuja kuazima chumvi, mama akamwonyesha akasema, "Wifi, udongo wa huku una dhahabu, ndiyo maana hata magadi yake yana kiburi." Wakacheka wote wawili. Nami nilicheka, kwa sababu kutocheka kungeulizwa.

Siku iliyofuata mchana tulikula ugali kwa mlenda. Mlenda haukuvutika, ulikaa tu chunguni kama majani yaliyochemshwa, na mama aliula kwa aibu zaidi kuliko kwa hamu. Baba alikuwa duarani, hakula. Mimi nilimeza matonge mawili nikasema nimeshiba. Wande alikula vizuri, na kabla ya hapo, kama watoto wote wa kwetu, alikuwa ameiba kipande cha magadi kwenye kibakuli akakilamba nyuma ya mlango. Nilimwona akikilamba. Nilimnyang'anya, akaniuma kidole, nikamwacha akimbie, na niliona vidole vyake vyenye unga viking'aa. Haikupita muda mrefu tumbo likaanza kuninyonga. Mama naye alishika kiuno, akasema maji ya kisima hiki yatatumaliza. Wande alijikunja kwenye mkeka akawa anaita mama kwa sauti nyembamba ambayo haikuwa yake, kisha akatapika, akatapika tena, na jasho likamtoka puani na chini ya macho.

Mama alifanya kile ambacho mama yake angefanya, na bibi yake kabla ya huyo. Alichukua kikombe, akatia maji ya uvuguvugu, akavunja kipande cha magadi na kukikoroga. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeshika kata ya maji. Nilikiona kipande kikiyeyuka. Nilijua kitu kilichomo katika kikombe kile kimetoka wapi, na nilikuwa peke yangu duniani niliyejua. Sikuwaza kwamba Wande atakufa. Natamani ningeweza kusema niliwaza jambo kubwa kama hilo. Niliwaza fimbo. Baba alikuwa na fimbo ya mkwaju juu ya mlango, na alishasema siku tuliyofika kwamba atakayekanyaga marudio atamwona yeye ni nani. Nilimwaza mama pia, jinsi alivyocheka, na jinsi atakavyojua kwamba nilimdanganya. Wakati nikiyawaza hayo Wande alikuwa ameinuliwa kichwa na kikombe kiko mdomoni. Alikunywa chote, kwa utii, kwa sababu alikuwa na kiu.

Alitapika mara moja, na safari hii kulikuwa na damu kidogo. Macho yake yakaanza kupinduka. Mama akasema dawa haijakaa, inabidi iwe kali zaidi, akavunja kipande kikubwa kuliko cha kwanza. Hapo ndipo nilipousikia mdomo wangu ukisema, "Mama, siyo ya mtoni." Hakunielewa. Akaendelea kukoroga. Nikaenda nikashika kikombe kwa mikono miwili, maji yakamwagika mapajani mwake, nikasema nimeyatoa kwenye marudio, yote, nilipita mwanya wa mbuzi, niliogopa mashimo. Mama alinitazama. Alimbeba Wande mgongoni bila hata kumfunga kanga, akatoka akikimbia peku, nami nyuma yake, na Mama Zuhura aliyekuwa akiosha sahani nje ya mlango wetu aliacha ndoo ya maji imepinduka akatufuata akimwita Mola wake njia nzima.

Zahanati ilikuwa mwendo mrefu kwa mtu anayekimbia na mtoto. Daktari alikuwa kijana aliyechoka, benchi lilikuwa limejaa watu wenye homa, na jambo la kwanza alilofikiri ni malaria, kama ambavyo mtu yeyote angefikiri. Akamtoboa Wande kidole, akakuta hakuna. Akauliza amekula nini. Mama akamjibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake kile cha kuokoteza, bila kuficha kitu: ugali, mlenda, magadi, na magadi yametoka kwenye marudio. Kalamu ya daktari ilisimama. Alitoka nje akazungumza na dereva wa gari la mzigo lililokuwa likielekea Geita mjini, akarudi, akamtundikia Wande dripu palepale, akasema anapelekwa hospitali na kila dakika ina thamani. Aliongeza kwamba kutapika ndiko kulikomfikisha hapo akiwa hai. Aliposikia habari za kikombe akauliza vilikuwa vingapi. Mama akasema kimoja, cha pili kilimwagika. Daktari akasema cha pili kingemaliza kazi, na cha kwanza tutaona.

Baba alifika wakati Wande anapakiwa kwenye gari, matope ya duarani yamemkaukia mpaka kwenye nyusi. Mtu alikuwa amemweleza njiani. Hakumtazama mama, alinitazama mimi, akauliza kwa sauti ya chini ambayo ilinitisha kuliko ukelele, "Nani aliyekutuma marudioni?" Watu walikuwa wamejaa pale, na kaka yake baba, aliyechimba naye duara moja, alikuwepo. Mama alikuwa tayari amekaa ndani ya gari na kichwa cha Wande mapajani. Akasema, "Ni mimi niliyemtuma. Mwacheni mtoto." Alisema hivyo kwa Kisukuma kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili kila aliyekuwepo asikie. Mama Zuhura, aliyekuwa ameisikia habari yangu yote kwenye mlango wetu, alinigeukia, kisha akainamisha macho. Gari likaondoka. Niliachwa nimesimama katika vumbi, sijapigwa, sijaulizwa tena, na sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa wakati ule ambapo hakuna aliyenigusa.

Wande aliishi. Alikaa hospitali wiki nyingi, na nilipopelekwa kumwona sikumtambua. Nywele zilikuwa zimetoka kwa mafungu. Kifuani na mgongoni upele mdogo mdogo ulikuwa umefunguka, ukianza mwekundu na kugeuka wa kahawia, na baadaye viganja na nyayo zake zikaota vinundu vigumu kama punje za mtama. Kwenye kila kucha ukapanda mstari mmoja mweupe, uliokuwa ukisogea taratibu kuelekea ncha kadiri kucha zilivyokua. Mama alizikata kucha zile siku mistari ilipofika mwisho, akazifunga kwenye kitambaa, na sikujua alizipeleka wapi. Kilichobaki ni miguu. Mpaka leo nyayo za Wande zinawaka moto usiku, na mchana hazisikii kitu. Ndala humtoka mguuni akaendelea kutembea, akajua tu anapoona watu wanamtazama. Upande wa baba walikaa kikao. Walisema mwanamke anayemtuma mtoto kukusanya sumu na kumnywesha mwingine hawezi kuaminiwa chungu. Baba hakumtetea. Tulirudishwa Kishapu watatu, na yeye akabaki machimboni, akaoa huko, na miaka ilivyozidi kwenda habari zake tukawa tunazipata kwa watu wanaopita. Mama alirudi kwenye pamba. Msimu wa kiangazi ibambasi ilichanua kama kawaida, majirani wakaenda na vigae vyao, yeye akabaki ndani mpaka unga ulipopeperushwa wote. Hakuonja tena udongo. Wanawake waliokuwa wakimtegemea waliacha kumuuliza, kisha wakaanza kusema.

Wande alikulia katika maneno hayo. Nani angemzuia asiyasikie? Alijua tangu utotoni kwamba mama yake ndiye aliyemtuma dada yake kwenye sumu, akaipika, akamnywesha. Hakuwa mkorofi. Alimsalimia shikamoo, alimnunulia vitenge alipoanza kazi, alimpeleka kliniki ya macho. Ila hakula chakula alichopika mama. Kwanza tulidhani ni maringo ya mtoto mgonjwa, baadaye tukazoea, na alipoolewa Kagongwa na kufungua duka la mchele ikawa rahisi zaidi, kwa sababu alikuja na chakula chake kwenye hotipoti, akasema ni zawadi. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akamsifu anavyojua kupika. Mimi nilikuwepo kila mara. Nilisoma, nikafaulu, nikawa mwalimu, nikajenga nyumba Shinyanga mjini na kumchukua mama akae nami, na watu wakanipongeza kwa kumtunza mzazi. Kila pongezi ilinitia hofu, kwamba siku moja mtu atauliza ninalipa nini.

Mwaka huu, baada ya mvua, ukuta wa chumba cha mama ulitoa unga mweupe toka chini mpaka usawa wa kitanda. Fundi aliniambia ni chumvi ya udongo, imepanda na maji, nipake dawa kabla ya rangi. Nilimkuta mama ameketi anautazama, ameweka mikono chini ya mapaja kama mtoto aliyekatazwa kugusa. Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, kwa nini siku ile alisema amenituma yeye. Hakushangaa. Alisema nilikuwa mdogo, kile kitu kingenikaa mgongoni nisikue, na yeye alikuwa amekwisha kukua. Akacheka, akasema, "Sijui Wande atakula kwenye msiba wangu, au napo atakuja na hotipoti." Alisema kwa utani kabisa, akaanza kuniuliza habari za rangi ya ukuta. Nilitoka nje nikampigia Wande, nikamwomba aje Jumapili.

Alikuja na hotipoti yake. Mama alikuwa jikoni akipika mlenda wa kula yeye mwenyewe. Nilimkalisha Wande sebuleni nikamweleza, na niseme wazi kwamba niliogopa kama nilivyoogopa mlangoni kule Rwamgasa. Ile harufu ilinijaa puani. Nilimweleza kuhusu njia ya mtoni, jiwe ambalo halikufika chini, mwanya wa mbuzi, na neno ndiyo. Nilimwambia mama hakunituma marudioni. Nilidhani nimemaliza. Kisha akauliza, "Kikombe cha kwanza nilipokunywa, wewe ulikuwa wapi?" Nikamwambia nilikuwa mlangoni. Nikamwambia nilikiona.

Wande alinyanyuka, akatafuta ukuta kwa mkono kama anavyofanya wakati miguu haimwambii kitu, akaenda jikoni. Nilisikia kigoda kikivutwa. Nilimsikia akisema, "Mama, naomba na mimi," na baada ya hapo nikasikia mwiko ukigonga ukingo wa chungu na mama akipenga kamasi. Alikula mlenda na ugali mpaka sahani ikaisha, akalala kitanda kimoja na mama, asubuhi akaondoka kurudi Kagongwa. Hakuniaga. Imepita miezi miwili. Kila jioni simu yangu inalia, jina lake likiwa kwenye kioo, kwa kuwa mama hana simu yake. Naipokea, ananyamaza mpaka nimfikishie mama, ndipo anaanza kuzungumza. Mimi hukaa upande wa pili wa ukuta nikiwasikia wakicheka, nikiogopa kwamba mdogo wangu hatanisemesha tena mpaka mmoja wetu afe. Ni woga mkubwa. Lakini ule wa zamani nilikuwa nimewabebesha wao, na huu ni wangu mwenyewe.